Jua Lisilo na Kwao

Mara ya kwanza nilipompigia mama simu kutoka Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, mwezi wa sita, nilifanya kosa la kumwambia ukweli. Aliniuliza kama nimeshakula cha usiku. Nikamjibu bado, nangoja jua lizame kwanza ndipo nipate hamu. Kwake Tanga ilikuwa inakaribia saa tano, milango imeshafungwa, chandarua kimeshashushwa. Kwangu ilikuwa inakaribia saa nne, na jikoni kumejaa mwanga kama wa saa kumi alasiri.

"Jua lipi, mwanangu?"

"Hili hili mama. Halijatua bado."

"Saa tano hii ya usiku?"

"Litatua saa nne na dakika nane za huku. Imeandikwa gazetini."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemsengenya jirani: "Basi hilo jua halina kwao."

Kwetu mtoto anayezurura hadi usiku huambiwa hana kwao. Jua likifanya hivyo, mama hakuona sababu ya kulipendelea. Mimi nilicheka, lakini maneno yake yalinikaa, na kila mwaka Waswidi wanaposimika mlingoti wao wa majani na kuanza kuruka kama vyura, huyakumbuka. Ndiyo maana naandika haya, maana watu wa nyumbani huniuliza: wewe Mtanga, mtoto wa jua, unasherehekea nini siku ya jua refu, ile yenye mchana mrefu kuliko zote mwakani?

Sikukuu yenyewe inaitwa Midsommar. Zamani ilishikamana na tarehe 23 na 24 Juni. Tangu 1953 mkesha wake umewekwa Ijumaa, ile inayoangukia kati ya tarehe 19 na 25. Kwa hiyo mara nyingine jua linakuwa limeshafika kikomo na kuanza kurudi kabla watu hawajavaa mashada ya maua. Mwaka 2022 mkesha ulikuwa Ijumaa tarehe 24, siku tatu baada ya jua kugeuka. Hakuna aliyelalamika. Watu walitaka wikiendi ndefu, wakaipata, na jua likaambiwa lisubiri. Siku ya taifa, tarehe 6 Juni, imefanywa mapumziko ya kisheria tangu 2005, lakini ukitaka kujua Mswidi anasherehekea lini kwa moyo, usiende kutazama bendera. Nenda katazame foleni kwenye maduka ya pombe ya serikali siku moja kabla ya mkesha wa Midsommar, kwa kuwa mkesha wenyewe maduka hayo hufungwa.

Sisi hatuna hata jina la siku hiyo mtaani. Wala si ajabu. Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku yake ndefu na siku yake fupi kwa mwaka mzima haifiki dakika 40. Nani atapika pilau kwa ajili ya dakika 40? Stockholm tofauti hiyo inapita saa 12. Mwishoni mwa Juni jua linachomoza saa tisa na nusu, na hapo nalazimika kuongeza "usiku", kwa sababu Kiswahili hakina namna nyingine ya kulisema hilo bila kuonekana umelewa. Desemba linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na saa tisa kasoro linakuwa limeshazama.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba saa yetu ya Kiswahili ni mkataba. Tunahesabu tangu jua litoke: saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga, saa kumi na mbili jioni mwanga unakwisha, na tunaanza upya. Mkataba huo unamtaka jua awe mtu wa kutunza ahadi, na kwetu anaitunza. Huku Kaskazini, saa moja asubuhi ya Juni jua limeshakuwa angani saa tatu na nusu, na saa moja ya Desemba bado ni usiku wa manane kwa macho ya mtu yeyote. Magharibi ya Desemba inaingia wakati ambao Tanga watu wako mbioni kuwahi alasiri. Miezi ya kwanza nilikuwa nikitaja saa kwa Kiswahili kichwani, nakuta maneno hayaelekei dirishani. Mtu anaweza kuzoea baridi, akavaa. Lakini kuambiwa na dirisha lako mwenyewe kwamba neno "asubuhi" si kweli, hilo lilinichukua muda.

Tena si kwamba jua la huko ni kubwa zaidi. Saa ya jua la utosi, siku hiyo ya Juni, jua la Stockholm linasimama kimo cha nyuzi 54 hivi kutoka upeo wa macho. La Tanga siku hiyo hiyo linasimama nyuzi 61 hivi, kwa kuwa kwetu Juni ni kipupwe na jua limekwenda zake kaskazini. Tofauti ni ndogo. Kilicho tofauti ni kwamba la kwetu likishafika juu linashuka moja kwa moja kama mtu aliyeitwa nyumbani, na la kwao linashuka kwa mshazari, linazunguka, linaaga kila mlango.

Nilifika Uswidi Agosti 2013, nikadanganyika kwa jioni zile nzuri. Kisha ikaja Desemba. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na zamu yangu ilikuwa saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Hesabu mwenyewe: jua lote la siku lilikuja na kuondoka nikiwa ndani, kwenye korido isiyo na madirisha, nikibadilisha mashuka. Hata siku za mapumziko halikuwa la kutegemewa. Kimo chake mchana ni nyuzi saba, yaani linapita nyuma ya maghorofa kama mtu anayekwepa wadai. Daktari aliniandikia vitamini D. Mimi, niliyekua nikikatazwa kucheza juani! Niliona aibu kidogo nilipomeza kidonge cha kwanza, kama mvuvi anayenunua samaki wa kopo.

Machi ilipofika niliona jambo lililonifundisha kuhusu Midsommar kuliko mlingoti wowote. Natoka kituo cha treni saa sita mchana, nikakuta watu kama kumi wamesimama wamepanga mgongo ukutani, makoti wamefungua vifungo, nyuso juu, macho wamefumba. Kimya. Nikadhani ni foleni. Waswidi wanapenda foleni, nami nilikuwa nimeshajifunza kwamba usiulize, panga tu. Nikasimama pembeni ya mama mmoja mtu mzima. Baada ya dakika tano hivi hakuna aliyesogea. Nikafumba macho na mimi. Ndipo nikasikia, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, joto kwenye kope za macho. Ilikuwa foleni kweli, ila haikuwa na mlango.

Fikiri jinsi Kiswahili kinavyolitaja jua. Jua kali. Jua la utosi. Kuanikwa juani. Kufia juani. Mtu anayehangaikia riziki yuko juani, na aliyefanikiwa amepata kivuli. Mgeni anayekuja mchana jambo la kwanza anaambiwa apite kivulini, maji baadaye. Sifa zetu tumempa mwezi: mbalamwezi, mwezi mwandamo, uso kama mwezi wa kumi na nne. Sikukuu zetu za pwani tunazingoja kwa kutazama mwezi, na jua tunalivumilia. Kwa hiyo mtu wa pwani anayesimama ukutani na kulikabidhi jua uso wake hajabadilisha mahali tu. Amekihama kidogo Kiswahili chake, na hilo lina uchungu wake, nisiseme uongo.

Midsommar yangu ya kwanza, Juni 2014, sikualikwa mahali. Huu ndio upande ambao picha za mashada ya maua haziuonyeshi. Mji unahama. Watu wanakwenda kwenye nyumba zao za mashambani na visiwani, na Stockholm inabaki na watalii, walinzi na sisi. Nilitembea saa tatu nzima katika mwanga mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona, maduka yamefungwa, mabasi matupu, na sijawahi kujiona mgeni kama jioni ile. Gizani ungejificha, lakini kulikuwa kweupe, na upweke wangu ulionekana hadi saa nne usiku. Waswidi si wachoyo. Ukarimu wao unakwenda kwa miadi, basi. Usipoandikwa kwenye orodha wiki tatu kabla, hakuna atakayekugongea mlango, na wewe ukigonga utawatia kiwewe.

Mwaka uliofuata niliandikwa kwenye orodha. Mfanyakazi mwenzangu alinialika kwa wazazi wake, kaskazini kidogo ya mji, karibu na bahari. Kila mtu alipangiwa cha kuleta. Mimi niliambiwa nilete "kitu kidogo cha kwenu". Kisha kalenda mbili zikagongana: Ramadhani ya 2015 ilianza tarehe 18 Juni, na mkesha wa Midsommar ulikuwa tarehe 19. Nikamwandikia kwamba siji, nitakuwa nimefunga hadi baada ya saa nne usiku, sitaki kukaa mezani kama picha ukutani. Akajibu: "Saa nne sisi pia tutakuwa bado tunakula." Hakuna alama ya mshangao, hakuna moyo mwekundu. Nikakaanga sambusa sitini na kupanda basi.

Mlingoti wenyewe ni mti mrefu uliovishwa majani ya ule mti wao wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, na maua ya porini, na pete mbili kubwa zinaning'inia pembeni. Waongoza watalii hupenda kunong'ona kwamba ni alama ya uume ya kipagani. Watafiti wa mila za Uswidi hawaoni ushahidi wa hilo, lakini watalii hawakulipia ushahidi. Nilichokiona mimi ni wanaume kumi na wawili wanaousimamisha kwa jozi za miti, hatua kwa hatua, mmoja akihesabu, na mara mbili ukateleza na akina mama wakacheka kwa sauti. Ulikuwa kama kupandisha mlingoti wa jahazi, isipokuwa hauendi popote. Ukishasimama, watu wazima wenye shahada zao wanauzunguka wakiimba habari za vyura wasio na masikio wala mikia, wakiruka. Kijana mmoja aliniambia wasichana huchuma maua ya aina saba usiku huo, kimya kimya, wakayaweka chini ya mto wamuote mume. Dada yake alijaribu. Aliota amechelewa basi.

Mezani kulikuwa na samaki wa kopo la siki na sukari. Ndiyo, sukari, kwenye samaki. Nilishukuru Mungu kwa saumu. Viazi vipya vidogo vilivyochemshwa na shibiti, malai machachu, majani ya vitunguu, vigilasi vya pombe kali vinavyoanza na wimbo, stroberi na krimu. Nami nimekaa, mkono kwenye goti, mwanga haupungui. Tanga jua la kufunga ni saa kumi na tatu, kumi na nne tangu alfajiri, ukijua kabisa muadhini hatachelewa. Pale jua lilikuwa limekaa juu ya miti ya misonobari kama mgeni asiyeelewa dokezo.

Wenzangu wa Kiruna, kaskazini kabisa, walikuwa na shida kubwa zaidi. Kule tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua halitui kabisa. Kuna waliofuata saa za Stockholm, na kuna waliofuata za Makka. Hata Stockholm wekundu wa magharibi hauishi usiku kucha, kwa hiyo ratiba za misikiti zilitofautiana kuhusu lini isha imeingia na lini alfajiri imeanza. Nilisikia mabishano hayo kwa heshima, ila nilijua pia kwamba vitabu vya fikihi tulivyosomeshwa madrasa viliandikwa na watu ambao jua lao lilikuwa na kwao.

Baba wa mwenzangu, mzee wa miaka sabini na kitu, hakuniuliza lolote kuhusu dini. Nilimwona tu ameweka gazeti kwenye goti, lililokunjwa pale panapoandikwa saa za jua. Ilipopita saa nne na dakika kumi akaangalia saa yake, akaangalia miti, akaingia ndani, akatoka na sahani iliyofunikwa kitambaa cha jikoni. Viazi, bado vya moto. Akasema neno moja: "Nu." Sasa. Halafu akaketi mbele yangu na sahani yake mwenyewe, na juu yake kulikuwa na sambusa moja ambayo hakuigusa tangu alasiri wenzake walipozimaliza. Ilikuwa imepoa na kulegea kama soksi. Akaila yote.

Midsommar na Ramadhani zilikutana tena 2016 na 2017, kisha mwezi mwandamo ukaondoka zake, maana unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na duru yake ni miaka 33 hivi. Kukutana tena ni mpaka miaka ya mwisho ya elfu mbili na arobaini. Mzee hatakuwepo. Mimi, Mungu akipenda, nitakuwa mzee wa kuhudumiwa.

Sasa, yapo maneno mawili ninayoyasikia kuhusu sikukuu hii, na yote mawili nayakataa. La kwanza linatoka kwa ndugu zetu, Waislamu kwa Wakristo: huu ni upagani, usiukaribie. Kanisa lenyewe liliweka siku ya kuzaliwa Yohana Mbatizaji tarehe 24 Juni, miezi sita kabla ya Krismasi, na Augustino, askofu wa Kanisa la kale, alishalieleza zamani: Yohana alisema yeye hana budi kupungua ili mwingine azidi, na kweli siku huanza kupungua hapo. Anayetaka kuisusia Midsommar kwa sababu ya jua ajiandae kususia vingi.

La pili linatoka kwa watu wa yoga na mishumaa, wanaosema siku hiyo ina nguvu za pekee zinazofungua moyo wa binadamu yeyote, popote alipo. Hapana. Nilikaa Tanga Juni ishirini na kitu miaka mingi, moyo haukufunguka, nilifua nguo. Furaha ya Midsommar haitoki angani. Inatoka Desemba. Aliyekaa korido ile, akameza kidonge kile, akasimama kwenye foleni isiyo na mlango, ndiye anayejua kwa nini watu wenye haya kama Waswidi wanaruka kama vyura mbele ya wakwe zao. Mtalii anayeshuka kwenye ndege Alhamisi na kuvaa shada Ijumaa amehudhuria karamu ya mahari bila kujua posa ilikuwa ngumu kiasi gani. Ale, ashibe, hakuna anayemfukuza. Lakini asituambie ameelewa.

Nasi tusijifanye hatuna siku ya jua. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi wa Julai kuna Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa hesabu ya jua uliotoka kwenye Nairuzi ya Waajemi. Nairuzi ya Uajemi ni ya Machi. Ya kwetu ilifuata mwaka wa siku 365 kamili bila siku ya kuongeza, ule ambao mabaharia na wakulima wa pwani waliugawa kwa miongo, siku kumi kumi. Hesabu hiyo hupoteza siku moja kila miaka minne hivi, ikawa inarudi nyuma karne baada ya karne. Ikiachwa iende hivyo, miaka mia na kitu ijayo itaikuta siku ndefu ya Waswidi. Makunduchi huchoma kibanda cha makuti, wanaume huchapana kwa migomba wamalize ya mwaka mzima, na wanaamini ni mkosi nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Mtu anatafutwa barabarani aingizwe ndani ale. Nikilinganisha na Juni yangu ya 2014 nakosa la kusema. Hapo wametuzidi jua, tumewazidi mlango.

Ila kuna jambo la Waswidi ninalolipenda, na limenichukua miaka kulielewa. Jumatatu baada ya Midsommar, kazini, lazima atoke mtu mmoja na kikombe chake cha kahawa aseme: haya, sasa tunaelekea gizani. Wote hucheka. Siku imepungua kidogo tu, nje kunawaka, likizo hata haijaanza. Mwanzoni niliona ni tabia ya kulilia maiti ambaye hajafa. Siku hizi nalisema mimi, kabla yao.

Mwaka jana alikuja mfanyakazi mpya, kijana kutoka Bujumbura. Wiki ya pili macho mekundu.

"Dada, hawa watu wanalala saa ngapi?"

"Mwezi huu hawalali."

Alikuwa na karatasi ya duka mkononi, amezungushia kalamu mapazia mazito meusi, yale ya kuziba mwanga wote, bei imepunguzwa. Akaniuliza kama ni mazuri. Nikamwambia ni mazuri sana, hata mimi ninayo, yako kabatini. Asinunue sasa. Alale Desemba.